Kompyuta inakagua diski kila ikiwaka, na kubadilisha FAT32 iwe NTFS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla hujashuka chini soma hili moja tu: kama kwenye hiyo diski kuna kitu usichotaka kipotee, kikopi kwanza pembeni ndo uanze kucheza na amri. Nitalirudia huko chini manake najua wengi wanaliruka.

Kila nikiwasha kompyuta inaanza kukagua diski kabla Windows haijafunguka, shida ni nini?

Windows ina alama ndogo inayoiweka kwenye kila draivu, alama ya kusema "hii haikufungwa vizuri, ikaguliwe". Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukichomoa draivu ya nje bila kuiaga, mashine ikiganda ukaizima kwa kubana kitufe, au Windows yenyewe ikisoma kitu kwenye mfumo wa faili (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye draivu, FAT32 na NTFS ni aina zake) ikakuta hakieleweki, alama inawekwa. Ukiwasha tena, kabla hata ya kufika pa kuandika neno la siri, kuna kiprogramu kinaitwa autochk kinapita kila draivu kikiangalia alama hiyo, kikiikuta kinaanza kazi, kisipoikuta kinapita kimya kimya wala hujui kama kilikuwepo.

Kwa hiyo ikitokea mara moja baada ya umeme kukatika, iache imalize, hakuna cha kuogopa. Ikitokea kila siku basi kuna kitu kinaiweka hiyo alama kila siku, na kazi yako ni kumtafuta anayeiweka, sio kunyamazisha ukaguzi. Watu wengi wanakimbilia kunyamazisha, halafu baada ya muda wanakuja kuuliza jinsi ya kurudisha picha zilizopotea.

Nitajuaje kama draivu yangu ina hiyo alama sasa hivi?

Fungua dirisha la amri ukiwa admini (tafuta cmd, bofya kitufe cha kulia, chagua kuendesha kama admini) andika:

fsutil dirty query C:

Inajibu mstari mmoja tu, "is Dirty" au "is NOT Dirty". Fanya hivyo kwa D: na zingine zote ulizonazo, manake mara nyingi mtu anahangaika na C: kumbe inayokaguliwa ni D:. Soma vizuri ile skrini nyeusi, herufi ya draivu inatajwa palepale.

Na usitafute amri ya kuifuta hiyo alama kwa mkono, haipo. Hiyo fsutil inaweza kuiweka lakini haiwezi kuiondoa, anayeiondoa ni chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, akishamaliza kazi yake salama.

Nimeiacha ikamaliza, ikasema hamna tatizo, kesho yake inarudia tena. Sasa?

Hili ndo swali lenyewe. Sababu ni kama nne hivi, na ukizipitia kwa mpangilio huu utaipata.

Ya kwanza, diski inakufa. Anza hapa hata kama diski ni mpya. Weka programu ya kusoma SMART (rekodi ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe) kama CrystalDiskInfo (kwenye Linux ni smartctl) halafu angalia namba tatu: 05 ambayo ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa, C5 ambayo ni sekta zinazosubiri kuhukumiwa, na C6 ambayo ni zilizoshindikana kabisa. Hizo kwenye diski ya kuzunguka (HDD) isiyo na shida zinatakiwa ziwe sifuri kwenye safu ya thamani ghafi. Kama C5 ina namba na leo imepanda kuliko jana, acha kila kitu unachofanya, hamisha mafaili. SSD zina majina yao tofauti kidogo, hasa za NVMe, hapo angalia asilimia ya afya na hesabu ya makosa ya data.

Ya pili, waya. Hii watu hawaiamini mpaka waione. Kwenye orodha hiyohiyo ya SMART kuna C7, inahesabu makosa ya data yaliyotokea njiani kati ya diski na ubao mama. C7 ikipanda huku 05 na C5 ziko sifuri, diski yako inaweza kuwa nzima kabisa, badilisha waya wa SATA au uchomeke kwenye tundu jingine halafu uone kama namba imesimama. Haitarudi sifuri, usisubiri hiyo, unachotaka ni isimame. Kwa draivu za nje ni hivyohivyo, waya mchovu wa USB au tundu la mbele la kesi ambalo umeme wake hautoshi, draivu inakatika na kurudi, kila ikikatika alama inawekwa.

Ya tatu, kuna agizo la zamani limebaki kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), mtu aliwahi kupanga ukaguzi au kubadilisha mfumo wa faili na kazi haikukamilika, kwa hiyo kila ikiwaka inajaribu upya. Nimeielezea vizuri kule chini kwenye kubadilisha.

Ya nne, mashine haizimiki vizuri na wewe hujui. Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa System, tafuta Kernel-Power namba 41 au EventLog namba 6008, zote zinamaanisha ilizimika bila kuaga. Ukiziona nyingi tatizo lako ni pawa saplai, betri, joto au draiva fulani, diski ni muathirika tu. Na ukiwa humohumo tafuta pia chanzo kinaitwa Ntfs namba 55 na chanzo kinaitwa disk namba 7, ya 55 inasema muundo wa mfumo wa faili umeharibika, ya 7 inasema kuna sehemu mbovu kwenye diski yenyewe, ukiiona ya 7 rudi kwenye sababu ya kwanza haraka.

Kuna na RAM mbovu, inatokea mara chache lakini ikitokea inachanganya sana, manake inaharibu data kabla hata haijafika kwenye diski kwa hiyo unabadilisha diski na tatizo linabaki. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, iache ijaribu RAM.

Nabonyeza tu kitufe chochote kuiruka, kuna ubaya?

Siku moja ya haraka, hapana. Kuiruka mwezi mzima, ndio, unaendelea kuandika juu ya mfumo wa faili ambao Windows yenyewe imeshakuambia haiuamini.

Nataka kuizima kabisa, naruhusiwa?

Kompyuta ni yako. Amri ni:

chkntfs /x C:

Sasa mtego wake huu hapa, hazijumlishwi. Ukiandika chkntfs /x C: leo na chkntfs /x D: kesho, ya kesho inafuta ya leo na C: inarudi kukaguliwa. Ukitaka zote ziachwe ziandike mstari mmoja, chkntfs /x C: D:. Kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa ni chkntfs /d. Na kama shida yako ni kwamba zile sekunde za kusubiri ni chache hupati muda wa kuiruka, ongeza kwa chkntfs /t:20, hapo 20 ni sekunde.

Mimi naona /x ina maana sehemu moja tu: umeshajua sababu, unasubiri diski mpya ifike, umeshakopi mafaili, na hutaki mashine ikae nusu siku ikikagua kitu unachokwenda kukitupa. Hapo sawa.

Hizi /f, /r, /scan, /spotfix za chkdsk natumia ipi?

Chkdsk C: peke yake bila kitu mbele inasoma tu haigusi kitu, na kwa kuwa Windows inaendelea kuandika wakati inasoma inaweza kukupa makosa ambayo hayapo, usiruke juu kwa hayo.

chkdsk C: /scan inakagua huku unaendelea na kazi zako, ni kwa NTFS tu na ipo tangu Windows 8. Anza na hii. Ikikuta kitu ambacho haiwezi kukitengeneza palepale inakiandika pembeni, ndo unapiga chkdsk C: /spotfix ambayo inaenda moja kwa moja kwenye vile vilivyoandikwa, kwa kawaida inaisha haraka.

/f inatengeneza makosa ya mpangilio, majina, folda, nani anamiliki nini. Kwa C: itakuambia draivu inatumika na kuuliza kama ipange kukagua itakapowaka tena, unajibu Y unaristati.

/r inafanya yote ya /f halafu inasoma kila sekta ya diski nzima, ndo maana inachukua masaa kwenye diski kubwa ya kuzunguka. Na hapa nina ugomvi na ushauri unaozunguka kila mahali wa "piga chkdsk /r". Kama diski inakufa, /r ni kuilazimisha isome kila kona mpaka zile mbovu tena na tena, na unaweza kuimalizia. Diski yenye C5 inayopanda unaikopi kwanza, na kama inakopika kwa shida tumia ddrescue ya Linux ambayo inachukua kwanza sehemu nzima ndo inarudia mbovu. Ukishakopi, piga /r unavyotaka.

Imeganda kwenye asilimia 10 (au 27, au nyingine yoyote) tangu asubuhi, niizime?

Bado. Hizo asilimia hazitembei sawasawa, inaweza kukaa sehemu moja muda mrefu halafu ikaruka. Ukaguzi una hatua tatu za kawaida, mafaili, faharasa za folda na ulinzi, halafu kama ni /r zinaongezeka mbili, data iliyomo ndani ya mafaili na nafasi zilizo wazi, na hizo mbili za mwisho ndo ndefu. Angalia taa ya diski kama inapepesa, isikilize kama ni ya kuzunguka. Ikiwa inafanya kazi iache usiku kucha, na laptopu iwe kwenye chaja.

Ukisikia tiki-tiki ya kurudiarudia kwa mpigo mmoja, hiyo ni diski inayoshindwa kusoma, izime. Ndiyo kuzima katikati kuna hatari yake, ila kwa diski ya namna hiyo kuendelea kuna hatari kubwa zaidi.

Inakagua, inaandika maneno mengi, halafu yanapotea kabla sijasoma. Ripoti iko wapi?

Event Viewer, Windows Logs, Application, halafu chuja kwa chanzo Wininit, namba 1001. Ripoti nzima imo. Kama ulikagua ukiwa ndani ya Windows chanzo kinaitwa Chkdsk.

Ukiifungua shuka mpaka karibu na mwisho kwenye zile hesabu za KB, kuna mstari unaishia na "in bad sectors". Ukiandikwa "0 KB in bad sectors" ni habari njema. Ukiwa na namba, iandike mahali, na ukaguzi ujao uilinganishe. Imebaki palepale, kuna sehemu iliumia zamani na imeshawekwa kando. Imeongezeka, ndo hiyo diski inaondoka.

Windows haifunguki kabisa, nakagua vipi?

Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo kwa kawaida inaingia yenyewe kwenye skrini ya ukarabati, la sivyo tumia fleshi ya kusakinishia Windows, chagua kukarabati badala ya kusakinisha, nenda mpaka kwenye dirisha la amri. Ukifika humo usiandike C: kwa mazoea! Humo ndani herufi zinaweza kubadilika, ile unayoijua kama C: ikawa D: au E:. Andika diskpart, kisha list volume, angalia ukubwa na majina ujue ipi ni ipi, exit, ndo upige chkdsk kwa herufi sahihi.

Kama draivu imefungwa na BitLocker (kifungio cha siri cha Windows) chkdsk haitaona kitu mpaka uifungue kwa ule ufunguo mrefu wa namba 48:

manage-bde -unlock D: -recoverypassword (halafu ufunguo wako)

Ufunguo huo mara nyingi unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na laptopu nyingi za siku hizi zinajifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, kwa hiyo uutafute leo kabla hujauhitaji.

Ikiwaka inaandika "Cannot open volume for direct access", halafu inaendelea kuwaka bila kukagua.

Kuna kitu kimewahi kuishika draivu kabla ya autochk. Mara nyingi ni antivirasi, programu ya bakapu, ya kufunga diski kwa siri, au zile za "kuongeza kasi". Fikiria ni nini umeweka hivi karibuni, kitoe (kukizima tu wakati mwingine hakutoshi kwa sababu draiva yake inapakiwa mapema), ristati. Ikikataa tumia njia ya fleshi hapo juu, ukiwakia kwenye fleshi hakuna programu yako hata moja inayoendesha kwa hiyo hakuna wa kuishika.

Kwa nini nibadilishe FAT32 iwe NTFS?

Sababu inayowaleta wengi ni moja, wanataka kukopi faili kubwa, video au picha ya diski, wanaambiwa faili ni kubwa mno na wakiangalia nafasi ipo tele. FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, hata draivu iwe na TB 2 tupu. Na tena FAT32 haina jarida, yaani haina mahali inapoandika "naenda kufanya hiki" kabla ya kukifanya, kwa hiyo umeme ukikatika ukaguzi unakuwa mrefu na vitu vinapotea kirahisi zaidi. NTFS inalo, ingawa jarida lake linalinda mpangilio wa mafaili sio yaliyomo ndani, barua uliyokuwa unaiandika bila kuisevu haitakuokolea.

NTFS ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993 na FAT32 ilikuja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996, kwa hiyo FAT32 ndo mdogo kiumri japo watu wengi wanadhani kinyume.

Kwa C: hili swali siku hizi halipo, tangu Windows Vista huwezi kusakinisha kwenye kitu kingine zaidi ya NTFS. Linabaki kwa draivu za pili, za nje, fleshi, na mashine za zamani za XP ambazo bado ziko kazini.

Nabadilishaje bila kufuta vilivyomo?

Bakapu kwanza. Ndiyo, amri haifuti kitu, lakini ikikatika katikati hakuna wa kumlalamikia. Kisha funga kila kilichofunguliwa kwenye hiyo draivu, piga chkdsk D: /f ili kama kuna makosa yatengenezwe kabla, manake ikikuta makosa inagoma. Halafu:

convert D: /fs:ntfs

Itakuuliza lebo ya draivu, yaani jina lake. Hapo wengi wanakwama, wanaandika D: au neno la siri. Inataka jina linaloonekana kando ya herufi kwenye dirisha la kompyuta. Kama hulijui andika vol D: kwenye dirisha jingine litatokea, na kama halina jina bonyeza Enter tu.

Ikisema nafasi haitoshi basi haitoshi, inahitaji sehemu tupu ya kujengea majedwali yake mapya huku ya zamani bado yapo. Hamisha vitu ujaribu tena.

Ilisema haiwezi kuimiliki draivu peke yake, nikakubali ifanye nikiristati, sasa kila nikiwasha inajaribu kubadilisha, inashindwa, na inaendelea. Naiondoaje?

Hapa ndo lile agizo la kwenye rejista nililotaja mwanzo. Fungua regedit ukiwa admini, nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager

Upande wa kulia kuna kitu kinaitwa BootExecute, kibofye mara mbili kinafunguka kisanduku chenye mistari. Mashine isiyo na shida ina mstari mmoja tu:

autocheck autochk *

Yako itakuwa na mwingine wenye neno autoconv, ukitaja draivu na /FS:NTFS mwishoni. Futa huo wa autoconv peke yake, acha wa autocheck autochk, bonyeza OK, ristati. Usifute kisanduku chote, na usiguse kingine humo. Kabla ya kugusa chochote bofya Session Manager kwa kitufe cha kulia ui-export pembeni kama akiba.

Ukiwa hapohapo soma vizuri, unaweza kukuta autocheck autochk /r \??\C: au yenye /p badala ya /r, hayo ni mabaki ya ukaguzi uliopangwa na mtu, na ndo sababu ya tatu ya kukagua kila siku. Ukikuta autocheck autochk /k:C * hiyo ni kinyume chake, mtu aliwahi kupiga chkntfs /x na C: haikaguliwi kabisa hata ikichafuka. Ukinunua kompyuta iliyotumika, angalia hapa.

Agizo likishatoka, unarudi kubadilisha kwa amri ileile baada ya kutoa antivirasi, au ongeza /x mwishoni ambayo inailazimisha draivu ijitoe kwa kila anayeishika. Hiyo /x ya convert sio ile ya chkntfs, herufi moja kazi mbili.

Nikishabadilisha naweza kurudi FAT32?

Hapana, convert ni ya kwenda tu. Kurudi ni kukopi vilivyomo, kufomati upya, kurudisha.

Na exFAT kwenda NTFS?

exFAT ni mfumo mwingine wa faili, nao convert haiuwezi, inajua FAT za zamani na FAT32 tu. Kopi, fomati, rudisha. Hata fleshi nyingi kubwa zinazouzwa zimeshafomatiwa exFAT kwa hiyo angalia kwanza sifa zake kabla hujakaa chini kuandika amri.

Baada ya kubadilisha draivu inaonekana nzito kuliko zamani.

Andika fsutil fsinfo ntfsinfo D: utafute mstari wa "Bytes Per Cluster". Ikiwa 4096 huna kesi, sababu iko kwingine. Ikiwa 512, kubadilisha kulikata draivu vipande vidogo sana, kwa sababu ule mpangilio wa FAT32 haukukaa sawa na NTFS inavyotaka. Hakuna dawa ya haraka ya Windows kwa hilo, ni kufomati upya kwa NTFS, ambayo kawaida itakupa 4096 yenyewe. Kwa kweli kama una mahali pa kuweka mafaili kwa muda, mimi ningefomati tangu mwanzo nisihangaike na convert, unapata NTFS safi na kazi inaisha mapema.

Inaandika "The type of the file system is RAW" na chkdsk haikubali.

Windows haitambui kabisa kilichomo. Wakati mwingine ni waya au kisanduku cha nje kibovu, jaribu kwingine kwanza. Wakati mwingine draivu imefungwa kwa BitLocker, au ilifomatiwa kwenye Linux au Mac. Itakuomba ufomati kila ukiichomeka, sema hapana kila mara mpaka ujue ni ipi kati ya hizo, na kama ni mfumo wa faili uliovunjika tumia programu ya kuokoa kama TestDisk kabla ya kufomati, ukihifadhi unachookoa kwenye diski nyingine, sio hiyohiyo.

Fleshi niweke ipi basi?

Ikiwa inaingia kwenye redio, printa au kifaa cha zamani, FAT32. Ikiwa inazunguka kati ya Windows na Mac na mafaili ni makubwa, exFAT, manake Mac inasoma NTFS lakini kwa kawaida haiiandiki. Diski ya nje inayokaa na Windows siku zote, NTFS.

Na kuna kipatisheni kidogo cha FAT32 ambacho utakiona kwenye diski ya mashine ya kisasa, cha MB 100 au zaidi kidogo, kimeandikwa EFI. Hicho usikibadilishe hata kama umeamua nyumba nzima iwe NTFS, ndo mashine inasoma kutoka hapo ili iwake.

mbr2gpt ndo hiyohiyo?

Siyo. Hiyo inabadilisha jinsi diski nzima ilivyogawanywa, mfumo wa faili ndani ya kila patisheni unabaki ulivyo. Watu wanachanganya kwa sababu zote zinaitwa kubadilisha diski.

Nina Windows na Linux kwenye mashine moja, Linux inakataa kuandika kwenye draivu ya Windows, na mara nyingine Windows inakagua nikirudi.

Windows tangu toleo la 8 ukiizima haizimiki kabisa, inalala nusu ili iwake haraka kesho, na draivu zake inaziacha kama bado zinatumika. Linux ikiona hivyo inafungua kwa kusoma tu, na inafanya vizuri. Ukiilazimisha iandike ndo unatengeneza ukaguzi wa kesho. Ingia Windows, dirisha la amri ukiwa admini, powercfg /h off, zima kawaida. Au ukitaka kuhamia Linux chagua kuristati badala ya kuzima, kuristati kunafunga kila kitu. Ile ntfsfix ya Linux isikudanganye kwa jina, inagusa vitu vichache halafu inapanga Windows ikague yenyewe, haichukui nafasi ya chkdsk.

Ukaguzi umeisha, nimekuta folda inaitwa found.000 na ndani kuna FILE0000.CHK, nifute?

Kwanza huenda huioni mpaka uruhusu mafaili yaliyofichwa. Hayo ni mabaki chkdsk iliyoyaokota, vipande vya data ambavyo havikuwa na jina wala folda. Kama hakuna kilichopotea, futa. Kama kuna kitu hukioni, kopi folda yote pembeni, halafu fungua hayo mafaili kwa kihariri cha maandishi uangalie herufi za mwanzo kabisa: ikianza na PK jaribu kuibadili jina iishie na .docx, .xlsx au .zip, ikianza na %PDF iishie na .pdf, ukiona JFIF karibu na mwanzo ni picha, ipe .jpg. Sio yote yatafunguka, mengine ni nusu ya faili, lakini ripoti ya chuo au picha za familia zimewahi kutoka humo.